Sauti ya Kufungulia Geti

Mukuju, Tororo
Jumapili, 9 Februari 2025

Mpwa wangu Zubaida,

Assalaam aleikum, na najibu mwenyewe waaleikum salaam ili tusipoteze muda. Habari ya Nairobi, habari ya baridi, habari ya hiyo karakana ambayo mtoto wa dada yangu anavaa ovaroli na wanaume wazima wanamwita fundi? Sisi huku ni wazima. Mimi mzima kupita kiasi. Anti yako Zahara mzima pia, ila macho yake yameanza kuingia ukungu. Juzi alisalimia mbuzi wa jirani, akamuuliza na habari za watoto. Usimwambie nimekuambia.

Naandika barua kwa sababu simu ikivuka mpaka inakula maneno, halafu Zahara huiweka spika, na kabla sijamaliza kusema langu Mukuju nzima wameshanijibu. Barua zitakuja na Lenox, yule dereva wa basi la Busia kwenda Nairobi. Ni mwaminifu, ila anapenda kuuliza imeandikwa nini.

Sasa hiyo pikipiki yenu ya umeme. Imefika! Mliposema mnatafuta madereva wa mpakani waijaribu kabla haijaanza kuuzwa, na wewe ukataja jina la mjomba wako, ulitumia akili. Hiyo akili imetoka upande wetu. Siku ya kwanza nilipakia saruji mifuko minne, nikapanda nayo kilima, haikuhema. Ile yangu ya petroli ingekohoa njia nzima kama mzee wa tumbaku. Madereva wenzangu wa stejini wamekuja kuigusa mpaka nikaweka zamu. Mimi shule niliachia darasa la tano, si kwa kukosa akili, mwalimu ndiye aliishiwa. Leo wanaomaliza chuo wananiuliza mimi mambo ya mota na bateri, na mimi nawajibu tu.

Lakini kuna kitu kinaniuma. Nikiiachia kwenye lami, ikifika themanini inasimama hapo kama ng'ombe amefika mwisho wa kamba. Nasokota mkono, wapi. Sasa wewe unajua mimi ni nani kwenye barabara hii. Unajua ule mwaka wa mvua kubwa nilivyombeba karani wa forodha kutoka Malaba, mvua inatufukuza, nikakimbia mpaka yeye kiti cha nyuma akalowa chepechepe na mimi mbele nikabaki mkavu. Watu walishuhudia. Nilipofika Tororo kivuli changu kilinikuta nimeshaagiza chai. Mtu kama huyo unampa themanini?

Na kingine, hiki ni cha kuchekesha. Unajua sijawahi kupiga honi nyumbani kwangu. Zahara akiwa jikoni anasikia pikipiki yangu ikiwa bado kona ya kinu cha mahindi. Anaacha chungu, anatoka, anafungua geti. Geti letu linafungukia nje, upande wa barabara, maana ndani kuna banda la kuku. Nikifika liko wazi, naingia bila kugusa breki, kama waziri. Watu husimama kutazama. Basi juzi nimekuja na hii yako, kimya, nikakuta geti limefungwa na mimi niko nalo pua kwa pua! Nilifunga breki mpaka mkia ukaja mbele. Zahara katoka na mwiko mkononi anauliza, "Umekuja na nini, umekuja kwa miguu?" Tulicheka sana.

Ombi langu ni moja. Niambie pa kubonyeza ili hii kitu ikimbie. Naambiwa pikipiki za kesho zitafika kilomita mia tano, mtu atakuwa anafika kabla hajaaga. Nataka hapa mpakani aanze mjomba wako.

Zahara amekaa hapa kando, anataka niandike maneno yake kama anavyoyasema: Zubaida mwanangu, kula vizuri. Pikipiki haina harufu ya petroli, hilo nashukuru. Lakini siisikii ikija, na sijazoea mume wangu kuja bila kusikika.

Mjomba wako,
Badiru, mwenyekiti wa steji ya Mukuju na maeneo yote ya jirani


Nairobi
Jumapili, 23 Februari 2025

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta salama, wewe na Anti na kuku. Mimi ni mzima, kazi ni nyingi tu. Nimecheka habari ya mbuzi peke yangu kwenye basi mpaka kondakta akaniangalia. Mpeleke Anti kwa daktari wa macho, Mjomba. Ukungu wa namna hiyo siku hizi unatolewa.

Sasa la spidi. Nitakueleza taratibu, kwa sababu wewe ni mtu wa pikipiki na utanielewa.

Zile kubwa za petroli zilishafika karibu kilomita mia tatu kwa saa zamani sana, na ziliuzwa dukani kwa yeyote mwenye hela. Watengenezaji wakubwa waliogopa wenyewe, wakakubaliana wasishindane kupita hapo. Tena adui yao si injini, ni upepo. Ukitaka kwenda mbio mara mbili, nguvu ya kusukuma upepo inatakiwa mara nane. Ndiyo maana namba zilipanda haraka halafu zikaanza kutambaa.

Ya umeme ina tabia nyingine. Nguvu yake inakuja yote mara moja, mwanzoni kabisa, haingojei gia. Ile mota uliyo nayo tuliifanya kubwa ili ibebe mzigo mlimani. Kinachoizuia isikimbie si chuma. Ni namba tu, themanini, na namba hiyo niliiandika mimi kwa vidole hivi hivi. Mwingine akiifuta na kuandika mia na sitini, mota itajaribu kuifikia. Lakini breki zitabaki za themanini, na matairi ya themanini. Zamani mtu akitaka kuiongezea pikipiki spidi alihitaji fundi na tundu la pistoni kutobolewa upya. Kesho atahitaji waya na simu. Hilo ndilo linalonitisha katika kazi yangu.

Kwa hiyo jibu ni hapana, Mjomba. Usinikasirikie.

La geti halikunichekesha. Nimekuwa nalifikiria. Huko kwetu nani anatazama barabara kabla ya kuvuka? Mimi mwenyewe nimekua nikivuka kwa masikio. Ukisikia kimya, unavuka. Nimempa Lenox kisanduku kidogo cheusi. Kifunge chini ya taa ya mbele, waya mwekundu kwa mwekundu. Kinatoa mlio pikipiki ikitembea. Tafadhali kifunge leo leo, kwa ajili ya Anti.

Mpwa wako,
Zubaida


Mukuju, Tororo
Jumamosi, 12 Aprili 2025

Mpwa wangu mkaidi Zubaida,

Waaleikum salaam na marahaba. Funga ilikwisha salama, Idd tulikula mpaka tukaona haya. Hujambo wewe? Sisi hatujambo. Zahara macho ni yale yale, anasema daktari atamwona mvua zikipungua. Kuku mmoja amekufa, si kwa kosa langu.

Kisanduku nilikifunga, wallahi nilikifunga. Waya mwekundu kwa mwekundu. Nikaenda nacho Busia siku ya soko, natokea pale wanapovuka watu, nakuta Odhiambo amesimama na wenzake. Odhiambo ni yule Mkenya muuza spea upande wa pili, mrefu, meno yote nje. Nimekaribia, kisanduku kinalia mmmmm. Odhiambo ameshika kiuno.

"Mzee Badiru, hiyo ni pikipiki ama ni friji umewekea magurudumu?"

Watu wakaanguka kicheko. Mama mmoja muuza soda akaniuliza kama nina barafu. Zubaida, mimi nimetukanwa na polisi, na mahakimu, na wakwe, lakini sijawahi kuitwa friji.

Nikamwambia, "Odhiambo, hii unayocheka itakupita mpaka ulie."

Akasema, "Wacha hadithi, mzee. Mimi nimeshusha mnyama." Kumbe kweli. Ana pikipiki nyekundu imetoka kwenye kontena Mombasa, injini elfu moja, kifua kama cha jogoo. Akaiwasha hapo hapo. Watoto wakaziba masikio, na trela zilizopanga foleni zikaonekana zinatetemeka. Nasema kweli.

Sasa mbele ya watu wote, upande wa Kenya na upande wa Uganda, mimi nikasema: siku ya pili ya Idd ya kuchinja, kutoka Tororo hadi geti la nyumba yangu. Atakayelipita geti kwanza ndiye mwanaume wa barabara hii. Nikasema na mpwa wangu ndiye anatengeneza hizi, atanifungulia spidi yote. Neno limeshatoka, Zubaida. Limetoka mbele ya nchi mbili.

Kisanduku nimekitoa. Nimekifunga kwenye banda la kuku na bateri ya taa ya sola, mwewe wanakiogopa. Hapo kinafanya kazi ya maana.

Na tena kimya kina raha yake, nyinyi wataalamu hamjui. Juzi nimepita Nagongera, mbwa wote wa sokoni wamelala na hakuna aliyebweka. Unapita katikati ya watu na hawajui umepita, wanashtukia kuona mgongo wako tu. Kuna jibwa la muuza nyama, kila siku hukimbiza pikipiki. Lilikuwa limelala kwenye lami, halikuinua hata sikio. Hilo nililipanda kwa magurudumu. Lakini lilikuwa jibwa zee.

Basi fungua hiyo namba. Usimwaibishe mjomba wako.

Zahara anasema: Zubaida, sauti ya kile kisanduku mimi niliipenda, ningeizoea. Nimemwomba akirudishe. Sasa nikiwa jikoni nasikia mlio kwa kuku, natoka kufungua geti, nakuta barabara tupu.

Mjomba wako,
Badiru, ambaye si friji


Nairobi
Jumanne, 22 Aprili 2025

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini mko salama. Mimi ni mzima wa mwili.

Nimesoma barua yako mara nyingi na kila mara nasimama kwa yule mbwa. Wewe umeniandikia kama mzaha. Mjomba, mbwa anayekimbiza pikipiki kila siku hakuinua sikio. Masikio ya mbwa! Sasa mfikirie mtu. Mfikirie mtu mwenye ukungu machoni, aliyezoea kwa miaka yote kuongozwa na sauti yako.

Sitaifungua namba. Hata angekuwa ni marehemu mama yangu anayeomba, nisingeifungua. Na nakuambia wazi ili usije ukasema nilikuvizia: mimi naweza kuizima hiyo pikipiki kwa mtandao, nikiwa hapa nimekaa kwenye kiti. Nikiona inaelekea kwenye mashindano nitaizima, hata mbele ya nchi tatu.

Nakujua, utasema nimekudharau. Wewe ndiye uliyenipakia kwenye tangi la pikipiki nikiwa mdogo ukaniachia nishike usukani, na baba alipogomba ukasema mtoto huyu ataendesha dunia. Nimekuwa fundi kwa sababu yako. Kazini nilipotaja jina lako, niliwaambia huyu ni mtu anayeijua barabara kuliko sisi. Nilikuwa najivuna, Mjomba. Kumbe kujivuna tumerithi wote.

Niliongea na Anti kwa simu. Nilimwomba akukataze. Akanijibu, "Ameshasema mbele ya watu. Nitamvuaje nguo?" Kwa hiyo yeye hatakukataza. Nimebaki mimi.

Mwambie Odhiambo mpwa wako amekataa. Nitupie lawama zote. Sema ni mwanamke wa Nairobi aliyeharibika kichwa na masomo, watakubali haraka.

Na kisanduku kitoke kwa kuku kirudi kwenye pikipiki.

Mpwa wako anayekupenda,
Zubaida


Mukuju, Tororo
Jumapili, 25 Mei 2025

Zubaida,

Salaam. Nilinyamaza kidogo kwa sababu nilikuwa na hasira, na mimi nikiwa na hasira kalamu inapasuka. Sasa imepoa. Unaendeleaje? Sisi tunaendelea. Mahindi yamekubali. Zahara anakohoa kidogo, si ya kutisha.

Huna haja ya kufungua. Imeshafunguliwa. Kuna Jovan, ana kibanda cha kutengeneza simu Busia, karibu na pale malori yanapopimwa. Alichomeka waya, akakuna kidevu, akaniuliza, "Mzee, unataka ngapi?" Kama anauza sukari! Nikamwambia, weka yote. Chai niliyoagiza haikuwa imepoa, kashamaliza. Akasema pia kuna uzi fulani wa Nairobi unaochungulia humo ndani, akaukata. Kwa hiyo endelea kukaa kwenye kiti chako.

Sasa nisikilize mimi niliyeyaona. Ukisokota, barabara haiji, inarushwa. Milingoti ya umeme inageuka kuwa ukuta. Macho yanatoka machozi na machozi yanakwenda nyuma masikioni. Nilipita Mukuju sentani, pale madukani, kabla jina la Mukuju halijaisha mdomoni. Namba kwenye kioo zilifika mia na arobaini, halafu niliacha kutazama, si kwa hofu, ni kwa upepo. Na kimya, Zubaida. Ni upepo tu unasikia, na moyo wako mwenyewe.

Halafu kuna jambo utalisikia kwa watu, afadhali ulisikie kwangu. Maximilla, yule anayeuza nyanya karibu na kwetu, alikuwa anavuka na beseni kichwani. Mimi sikumgusa. Naapa sikumgusa, alijirusha mtaroni mwenyewe. Ni kifundo cha mguu tu, kimefungwa kitambaa. Nyanya ndizo ziliumia. Nilirudi kumwinua, na anachosema ni kile kile kimoja.

"Badiru, ulitoka wapi?"

Nikamwambia nimetoka Tororo.

"Hapana," anasema, "ulitoka wapi?"

Ananiuliza hivyo mpaka leo nikipita, hata nikiwa kwa miguu.

Basi mipango imekamilika. Tutaondoka Tororo baada ya adhuhuri, siku ya pili ya Idd. Steji ya Mukuju na ya Petta watasimamisha magari. Mwamuzi ni Zahara. Odhiambo mwenyewe ndiye aliyemtaka, alisema, "Mama hawezi kudanganya, hata kwa mume wake." Atasimama nje ya geti na leso nyeupe, amwashirie wa kwanza. Nilimwuliza utaona? Akasema nitasikia.

Anasema niandike: Zubaida, usigombane na mjomba wako kwa barua, njoo mgombane hapa mbele ya pilau. Nimekuwekea jogoo.

Mjomba wako,
Badiru, wa barabara yote ya Tororo hadi Mbale


Nairobi
Jumanne, 3 Juni 2025

Mjomba,

Shikamoo. Sina salamu ndefu, unisamehe.

Nimebonyeza. Nimekaa kwenye kiti changu kama ulivyosema na nimebonyeza tangu asubuhi, na pikipiki yako haitikii. Nimewaambia wakubwa wangu. Watatuma gari kuichukua, lakini wanasema baada ya sikukuu. Nimewaambia baada ya sikukuu ni kuchelewa, wakaniangalia kama mtoto. Simu yako inaita tu.

Nimepata ruhusa. Nitapanda basi la Lenox usiku wa Idd, nitakuwa Mukuju siku ile, Mungu akipenda kabla ya adhuhuri. Ningojeni. Kama hunipi lingine, nipe hilo.

Na kama hutaningoja, basi fanya mawili haya. Rudisha kisanduku. Na Anti asisimame nje. Fikiria vizuri, Mjomba: pikipiki ya Odhiambo itasikika tangu Tororo. Ikishapita, kila mtu wa barabara hiyo atajua barabara iko tupu. Hivyo ndivyo tulivyozoea. Na wewe utakuwa bado unakuja.

Akae ndani ya geti. Nakuomba kwa jina la mama yangu, dada yako.

Zubaida, mpwa wako


Mukuju, Tororo
Jumapili, 27 Julai 2025

Mpwa wangu Zubaida,

Assalaam aleikum. Natumaini u mzima. Mimi mfupa wa mguu unaendelea kuunga. Kuku ni wazima.

Siku ile ulipofika tulikuwa tumesharudi kutoka makaburini. Niliambiwa basi liliharibika Eldoret. Walinibeba kwenye mkeka mpaka sebuleni, nikakuona umekaa na wanawake. Hukuja upande wangu, na mimi sikukuita. Sikulaumu. Lakini habari umezisikia kwa watu, na stejini wameshaongeza. Nataka uzipate bila nyongeza.

Barua yako nilipewa siku ya Idd na mtu wa Lenox. Niliisoma. Kisanduku sikukirudisha. Lile la pili nililifanya. Nilimwambia Zahara asimame ndani, aamue kwa kusikia, akasema sawa.

Odhiambo alinishinda. Mwanzoni nilimwacha, ilikuwa kama ulivyonieleza, nguvu inakuja yote mara moja. Kisha upepo ukanishika, yeye akanipita, akaenda. Kwenye kona ya kinu nilimwona mdogo mbele. Watu walishaingia barabarani kumtazama mgongo. Niliwakwepa. Walikuwa wanapiga kelele za kumshangilia, na hakuna aliyegeuka.

Maximilla alikuwa amekaa na Zahara ndani ya geti. Yeye ndiye aliyenieleza. Zahara alisikia ya kwanza inapita, akajua si mimi. Akasema, "Huyu wangu ameshindwa. Ngoja nimfungulie, asije akasimama kwenye geti lililofungwa na watu wanamtazama." Maximilla akamshika nguo, akamwambia ngoja. Zahara akasema, "Barabarani sisikii kitu." Akalisukuma geti, akatoka nalo mkononi mpaka barabarani.

Nilimwona. Yeye alikuwa anatazama upande wangu, lakini hakuwa ananiona.

Sikupiga honi, Zubaida. Sijawahi kupiga honi nyumbani kwangu. Mkono haukujua.

Odhiambo alikuja kwenye matanga. Walikuja wengi, wa Busia, wa Petta, wa Nagongera. Unajua dereva akifiwa wenzake huja wakivumisha injini mpaka ardhi inatetemeka. Hawa walizima kwenye kona ya kinu, wakazisukuma kwa mikono mpaka hapa, ile nyekundu ikiwa mbele. Odhiambo alikaa kwenye mkeka wangu. Alipoondoka aliisukuma tena mpaka mbali.

Watu wa karakana yenu waliichukua pikipiki. Mmoja wao, mwenye miwani, aliniambia huwa inaweka spidi zote kichwani mwake hata ikikatwa uzi, na kwamba huko Nairobi mtaifungua muone. Stejini wanasema ilikuwa mia mbili. Edgar wa steji ya Petta anasema ilizidi. Wananitazama niwaambie. Najua wewe utaiona ile namba. Usiniambie.

Macho, daktari alikuwa amempa siku. Ilikuwa mwezi huu.

Natembea kwa magongo sasa. Asubuhi nakwenda mpaka stejini, nakaa, narudi. Nikifika kwenye kona ya kinu huwa nasimama kidogo, sijui nangoja nini. Kisha nashuka mpaka nyumbani, naegemeza gongo moja ukutani, na geti nafungua mwenyewe.

Mjomba wako